Kata mara mbili, au vipande viwili?

Leo sina simu mpya ya kuwaonyesha. Nataka tuzungumze juu ya kazi ndogo ambayo kila mwanaprogramu huifanya, pengine mara kumi kwa siku bila kuifikiria: kuukata mfuatano wa herufi, yaani stringi, katika vipande visivyozidi idadi fulani.

Najua wenzangu wa fani watasema hiyo ni mada ya wiki ya kwanza darasani. Ni kweli. Lakini nimeona kazi hii ndogo ikimnyang'anya mtu maneno yake bila yeye kujua, na nilipofuatilia chanzo nikakuta mstari mmoja tu wa msimbo, usio na kosa lolote la sarufi. Kwa hiyo nivumilieni kidogo. Na wewe usiyeandika programu usiondoke, maana tutaanza na muwa.

Muuza miwa na panga lake

Hapa kwetu Kawangware, ukishuka stejini 46, hukosi kumwona muuza miwa na mkokoteni wake. Chukua muwa mmoja mrefu wenye mafundo mengi. Mafundo ndiyo mahali pa kukatia. Kwenye stringi, fundo ni kitenganishi: nafasi iliyo kati ya neno na neno, au mkato, au alama yoyote utakayoichagua.

Sasa mwambie muuza miwa, "Nikatie mara mbili, kuanzia hapa mwanzo." Atashusha panga kwenye fundo la kwanza, kisha la pili, nawe utaondoka na vipande vitatu, cha mwisho kikiwa kirefu chenye mafundo yote yaliyobaki. Lakini ukimwambia, "Nikatie vipande viwili," atashusha panga mara moja tu. Namba ni ileile, mbili, lakini mzigo ni tofauti. Muuza miwa akikosea utamrudia mkacheka. Kompyuta haichekeshwi.

Chukua ujumbe huu:

MOTO Gatwekera nyumba tatu zinaungua

Tuukate kwa lugha nne, kila moja tukiipa namba 2:

Python: ujumbe.split(" ", 2)
MOTO | Gatwekera | nyumba tatu zinaungua

PHP: explode(" ", $ujumbe, 2)
MOTO | Gatwekera nyumba tatu zinaungua

Java: ujumbe.split(" ", 2)
MOTO | Gatwekera nyumba tatu zinaungua

JavaScript: ujumbe.split(" ", 2)
MOTO | Gatwekera

Soma tena polepole. Python inahesabu mapigo ya panga, hivyo mapigo mawili yametoa vipande vitatu. PHP na Java zinahesabu vipande, na kipande cha mwisho kinabeba kila kilichobaki. Perl, lugha ya Larry Wall ya mwaka 1987, hufanya vivyo hivyo, na Ruby na Go pia zimo katika kundi hilo.

JavaScript ndiyo yenye shida yake. Hii inakata muwa wote kwenye kila fundo, inachukua vipande viwili vya mwanzo, inakupa, na uliobaki inautupa mtaroni. Haitoi onyo wala ujumbe wa hitilafu. Nyumba tatu zinazoungua zimepotea, na programu inaendelea na safari yake kama kawaida.

Tazama jinsi mistari ya Java na JavaScript inavyofanana, herufi kwa herufi. Mtu akihama kutoka lugha moja kwenda nyingine, kidole chake kinaandika alichozoea. Na akijaribu kwa ujumbe wa maneno mawili tu, matokeo yatakuwa sawa kabisa kote.

Kwa nini mtaani kwetu jambo hili lina uzito

Hapa Nairobi, ujumbe mfupi wa simu umekuwa barua ya mwananchi kwa muda mrefu. Ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera ikiwa miongoni mwa mitaa iliyoumia sana, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia walianzisha Ushahidi mwezi Januari 2008, ili watu waweze kutuma taarifa za waliyoyaona kupitia wavuti na SMS, nazo zionekane kwenye ramani. Mwishoni mwa mwaka 2009 vijana wa Kibera wakaingia vichochoroni na vifaa vya GPS chini ya mradi wa Map Kibera, wakauchora mtaa wao kwenye OpenStreetMap. Kabla ya hapo, kwenye ramani za mtandaoni Kibera ilikuwa karibu doa tupu. Kisha ikaja Voice of Kibera, iliyotumia programu ya Ushahidi kukusanya habari za mtaa, zikiwemo za SMS.

Kuna jambo moja katika mpango ule ambalo nalipenda sana: ujumbe ulifika mzima, ukasomwa na binadamu, na ni binadamu aliyeugeuza kuwa taarifa na kuuweka mahali pake kwenye ramani. Kazi hiyo ilichosha watu, lakini mwenye ujumbe hakukatwa kauli.

Baadaye wengi wetu tukataka kupunguza huo uchovu. Tukasema, mtu aandike kwa mpangilio: kwanza neno kuu, kisha mahali, kisha habari yenyewe. Programu ikate vipande vitatu na kuvipanga kwenye jedwali. Hapo ndipo panga linapoingia kazini.

Jedwali la maneno mamoja

Mwaka 2015 kikundi kimoja cha vijana wa Kibera kiliniita nikaangalie programu yao ya kupokea SMS za maji, moto na taka. Aliyeiandika alikuwa mfanyakazi wa kujitolea, tayari ameshahamia kazi nyingine mbali. Nilivuka Ngong Road kwa miguu, nikafika nikakuta mkutano unaendelea na jedwali limechapishwa kwenye karatasi. Lilikuwa na safuwima tatu: jambo, mahali, habari. Na safuwima ya habari ilikuwa na neno moja moja tu, kutoka juu hadi chini. Bomba. Nyumba. Choo. Saba. Ndogo. Mstari mmoja, uliotoka upande wa kwetu, ulikuwa na namba tupu: 46.

Mgeni mmoja mkutanoni alikuwa tayari na maelezo yake. Alisema watu wa mtaani hawana mazoea ya kuandika, kwa hiyo heri wapewe orodha ya namba wachague, moja ni maji, mbili ni moto, basi.

Mama mmoja aliyekaa nyuma akatoa simu yake, mulika mwizi ya kawaida, akanifuata nilipokuwa nimesimama.

"Kijana wangu, soma hapa. Mimi niliandika haya yote. Yamekwenda wapi?"

Nikasoma ujumbe aliotuma:

MAJI Laini Saba bomba limepasuka karibu na choo cha jumuiya, maji machafu yanaingia kwenye bomba la kuchota, watu wasichote leo

"Yamefika, mama," nikamwambia. "Kuna mahali yamekatwa. Ngoja nipatafute."

Kwenye jedwali, mstari wake ulisomeka hivi: MAJI, Laini, Saba.

Msimbo ulikuwa wa JavaScript, na mstari wenyewe ulikuwa split(" ", 3). Mwandishi alitarajia vipande vitatu, cha tatu kikibeba habari yote, kama angepata katika PHP au Java. Badala yake alipata maneno matatu ya kwanza. Kwa Gatwekera, au Makina, au Lindi, au Silanga, angalau neno moja la habari lilisalia. Kwa Laini Saba, Kisumu Ndogo au Kambi Muru, hata hilo halikubaki, maana jina la mahali lenyewe lina maneno mawili na lilikula nafasi zote. Na ile 46 ilikuwa Kawangware 46, imekatwa katikati. Aliyeisoma kwenye karatasi angeweza kudhani ni idadi ya malundo ya taka.

Anayeijua Kibera anafahamu jinsi mabomba ya plastiki yanavyopita juu ya ardhi, mengine ndani ya mitaro ileile ya maji taka. Bomba likipasuka, kilichomo mtaroni kinaingia humo, na kinaishia kwenye mtungi wa mtu wa lita 20. "Watu wasichote leo" lilikuwa onyo kamili, lenye mahali, sababu na la kufanya. Programu ililipokea, ikalikata, ikalitupa, kisha mgeni akaja kusema watu hawa hawana la kusema.

Tulifungua simu iliyokuwa ikipokea ujumbe tukapata ule wa wiki chache za karibuni. Wa nyuma zaidi ulikuwa umefutwa ili kupisha mwingine, na jedwali lilikuwa limehifadhi vile vipande tu. Huo hatukuupata tena.

Kikomo hakijui majina yetu

Wengine mtasema dawa ni rahisi: tumia lugha inayobakiza mabaki. Hiyo ni nusu ya dawa. Jaribu ujumbe wa yule mama kwa PHP, vipande vitatu: MAJI, kisha Laini, kisha "Saba bomba limepasuka..." na kuendelea. Hakuna kilichopotea, lakini mahali pamekuwa "Laini", na hakuna kijiji Kibera kiitwacho Laini.

Majina ya watu yana mtego uleule. Fomu nyingi hapa Kenya zina nafasi tatu za jina. Chukua Daniel Toroitich arap Moi, rais wetu wa pili. Ukikata bila kikomo unapata vipande vinne na fomu inakwama. Ukikata vipande vitatu vyenye mabaki, unapata Daniel, Toroitich, arap Moi, safi kabisa. Ukikata kwa JavaScript unapata Daniel, Toroitich, arap. Sasa "arap" kwa Kikalenjin maana yake ni mwana wa. Kwa hiyo umemwandikisha rais kwa jina la Bwana Mwana-wa, na mwana wa nani hatujui.

Kisha mchukue Ngũgĩ wa Thiong'o. Vipande vitatu vinatoka sawasawa kwa lugha zote, bila hitilafu, na jina la kati la mwandishi huyo mkubwa linakuwa "wa". Unaona? Namba tatu inajua kuhesabu tu. Haijui kwamba "wa" haiwezi kusimama bila jina lililo mbele yake, wala kwamba Laini na Saba ni kitu kimoja.

SMS nayo hukatwa, lakini kwa adabu

Jambo la kuchekesha ni kwamba kabla ujumbe haujafika kwenye programu yako, mtandao wa simu wenyewe huenda umeshaukata. SMS moja ina nafasi ya baiti 140, ambazo kwa herufi za kawaida za GSM ni herufi 160. Ukizidisha, simu inaugawa ujumbe katika vipande vya herufi 153. Zile saba zinazokosekana zimetoa nafasi kwa kichwa kidogo kinachosema: mimi ni wa ujumbe fulani, tuko vipande vingapi, mimi ni wa ngapi. Simu inayopokea huvipanga na kuviunga hata kama cha pili kimetangulia cha kwanza.

Angalieni adabu ya waliobuni mpango huo. Walikuwa na kikomo kikali sana, lakini kila kipande kinajua kina ndugu wangapi, na kimoja kikichelewa mpokeaji anajua kuna kinachokosekana. Kama programu yako inapokea vipande hivyo kabla havijaunganishwa, hakikisha unaviunga wewe kwanza. La sivyo kipande cha pili kitaanza na "yanaingia kwenye bomba", na programu itatafuta neno kuu liitwalo YANAINGIA.

Na sisi waandishi wa Kiswahili tuna mtego wetu wa pekee: king'ong'o. Ile alama katika ng'ombe au Lang'ata, ikiwa ni mstari ulionyooka, imo katika herufi za GSM. Lakini simu na kompyuta nyingi hupenda kuigeuza kuwa alama iliyopinda, ambayo haimo. Alama hiyo moja inatosha kuulazimisha ujumbe wote utumie mfumo mwingine wa herufi, na nafasi inashuka kutoka 160 hadi 70. Ujumbe uliotosha kipande kimoja unakuwa vipande viwili au vitatu, kwa sababu tu umetaja Lang'ata. Kama kikundi chako kinalipia kila kipande, bili itakueleza.

Tulivyorekebisha

Kwanza, ujumbe mzima unahifadhiwa kama ulivyofika, kwenye safuwima yake, kabla ya panga lolote. Vipande vinaweza kukosewa na kukatwa upya kesho. Kilichotupwa hakikatwi upya.

Pili, tunakata mara moja tu. Neno kuu linatoka, mengine yote yanabaki pamoja. Kwa Python ni hivi:

vipande = ujumbe.split(None, 1)

Ile None inaiambia Python ihesabu nafasi zilizofuatana kama fundo moja na isijali zilizo mwanzoni. Watu huandika nafasi mbili, au huanza na nafasi, na ukikata kwa " " kipande chako cha kwanza kinaweza kuwa kitupu.

Kwa JavaScript, tafuta nafasi ya kwanza kisha ugawe mwenyewe:

var s = ujumbe.trim();
var n = s.indexOf(" ");
var neno = n < 0 ? s : s.slice(0, n);
var habari = n < 0 ? "" : s.slice(n + 1);

Usiruke lile swali la n < 0. Kama hakuna nafasi kabisa, indexOf hurudisha -1, na slice(0, -1) hukata herufi ya mwisho. Mtu aliye katikati ya moshi huenda akaandika neno moja tu, MOTO. Bila lile swali, programu itasoma MOT na kusema hailijui neno hilo.

Tatu, mahali hatupakati kwa kuhesabu. Tunalinganisha mwanzo wa habari na orodha ya majina, tukianza na marefu: "Laini Saba" kabla ya jina lolote fupi, "Soweto Mashariki" na "Soweto Magharibi" kabla ya "Soweto". Orodha waliiandika vijana wenyewe, kwa sababu wao ndio wanaojua kwamba mmoja ataandika Lainisaba na mwingine Laini 7. Mtu akiandika "Soweto" tupu, programu haibahatishi, maana hata Kayole wana Soweto yao. Ujumbe huo unakwenda kwa binadamu, naye anapiga simu kuuliza.

Kuna aliyependekeza tuwaambie watu watenganishe kwa alama ya reli, MAJI#Laini Saba#habari. Kwa kompyuta ni safi. Lakini kwenye simu nyingi za vitufe, kitufe hicho chenyewe hubadilisha herufi kubwa na ndogo, na alama yake unaitafuta kwenye orodha ya alama. Mtu anayekimbia na mtoto mgongoni hatafuti alama. Na hata wakiitumia, mkitumia Java kumbukeni kwamba ukikata bila kikomo, vipande vitupu vya mwishoni hutupwa: "MAJI#Makina#" inatoa vipande viwili, siyo vitatu. Mpeni kikomo cha -1 ndipo atakapovibakiza.

Kwa hiyo, mwanaprogramu mwenzangu, kila unapoandika namba kwenye split, jiulize maswali matatu. Lugha hii inahesabu mapigo au vipande? Mabaki yanakwenda wapi? Na kwenye mabaki hayo, ni maneno ya nani? Swali la kwanza na la pili majibu yake yamo kwenye kitabu cha lugha, dakika mbili tu. La tatu huwezi kulijibu ukiwa umekaa ofisini. Chukua ujumbe ishirini halisi wa watu halisi, wenye Kisumu Ndogo na Kawangware 46 ndani yake, uupitishe kwenye msimbo wako, kisha usome kilichotoka ukiwa umeweka kando yake kilichoingia. Na siku jedwali likikuonyesha kwamba watu wako wanaandika neno moja moja, chunguza kisu kabla ya kuwachunguza wao.

Haya, tukutane tena panapo majaliwa. Nadhani zamu ijayo nitazungumzia tarehe, na kwa nini saa mbili ya Kiswahili inazipa programu homa.